Taa Iliyokataa Mkono wa Dobi

Mimi nimewahi kuwaambia watu kwamba jogoo wangu alimeza saa ya mwenye nyumba, na tangu hapo hawiki ila saa kumi na moja kamili. Wapo walioamini. Mmoja aliniletea saa yake mbovu, akauliza kama jogoo anatengeneza. Kwa hiyo nikianza kueleza habari za Dobi, watu wananitazama mdomo, wanasubiri nitie chumvi. Msisubiri. Chungu hiki kimeungua tangu zamani, chumvi haitakisaidia.

Dobi ni jirani yangu, mlango wake unatazamana na wangu. Ua wetu mmoja, bomba moja, choo kimoja, na kamba za nguo zote ni zake. Asubuhi ukitoka ndani unakutana na mashuka ya watu, huoni mbele wala nyuma. Sisi wa ua ule tunajuana kwa miguu inayopita chini ya mashuka. Miguu ya mwenye nyumba ukiiona unarudi ndani. Miguu ya Dobi haiendi popote, imesimama penye beseni.

Lakini habari yenyewe ni ya mikono. Sabuni, dawa ya madoa, maji ya baridi ya alfajiri, halafu mchana kutwa pasi ya mkaa. Mikono ile ilikuwa imelika hata ngozi ya vidole ikawa ngumu na kung'aa kama kwato. Nimemwona kwa macho yangu haya kaa la moto limedondoka sakafuni, akaliokota kwa vidole, akaligeuza kuona kama limeshika vizuri, akalirudisha ndani ya pasi kama mtu anayerudisha njugu kwenye sahani. Huo si uongo. Uongo wangu ni ule wa kwamba siku moja aliukunja moto mara nne akautia kabatini.

"Bibi, utaniharibia kazi," aliniambia. "Watu watakuja na moto wao niwapigie pasi."

"Wapigie. Wakikuta mikunjo, sema ni ya kwao."

Alikuwa na mtoto mmoja tu. Baba wa mtoto alitoka siku moja akasema anakwenda kunyolewa. Nywele zile mpaka leo hazijaisha. Mtoto akakulia chini ya meza ya kupigia pasi, juu yake matone ya maji na mvuke, na sisi tukamwita Kola, maana shingo yake ilikuwa ngumu kama kola ya shati iliyotiwa wanga. Ukimwambia njoo, anasimama. Ukimwambia simama, anakaa. Mama yake anamwita Baba, na akimwita hivyo sauti inalainika hata ukamtazama usoni uhakikishe ni yeye.

Kola akawa mtu mzima, akapata kazi mji mwingine, kazi ya kufunga lifti kwenye majengo marefu. Mwaka mmoja akaja na mkokoteni, na juu ya mkokoteni mashine ya kufulia, nyeupe pe, imefungwa kwa kamba kama mbuzi wa kuuzwa.

"Mama, mikono yako inaisha," alisema.

Dobi akaizunguka mashine. "Inafua?"

"Inafua, inasuuza, inakamua."

"Na mimi nafanya nini?"

"Unakaa, mama."

"Nimekuwa kiti?"

Tulicheka wote siku ile. Kola akaunganisha mipira ya maji, akamwonyesha mama yake vitufe, akarudi kazini kwake. Dobi aliitumia mara moja. Alisema inakula vifungo, na kwamba ikizunguka inatoa sauti kama mtu anayemsengenya. Kisha zikaja mvua, mkaa wa pasi ukaanza kulowa, akatafuta mahali pakavu pa kuuhifadhi. Mashine ilikuwa na mfuniko mzuri.

Kola aliporudi likizo alikuwa na nguo zake chafu mkononi. Akafungua mfuniko. Ndani mkaa hadi shingoni, na juu ya mkaa kuku wa mwenye nyumba ameatamia, anamtazama kama anayeuliza, wewe nani, na unataka nini chumbani kwangu?

Nilicheka mimi. Laiti na yeye angecheka, habari ingeishia pale.

"Mama, nimejinyima nikakuletea hii."

"Na mimi nimeitumia. Mkaa haulowi humo."

"Unanidharau kwa mkaa?"

"Mkaa ndio uliokulea. Ulikuwa huuoni mchafu ulipokuwa unakula."

Kola akaushika mkono wa mama yake, akauinua mbele ya uso wake. Hapo ndipo aliposema neno ambalo nadhani kichwani mwake lilikuwa la huruma, lakini kinywani likatoka limegeuka. "Tazama. Nikikushika mkono, mama, nashika ubao. Naona aibu."

Dobi akauvuta mkono wake polepole. "Basi usiushike."

"Sitaushika. Siku ukinitaka, uniite mwenyewe. Mimi sipigi simu."

"Mimi niite? Mkubwa haanzi kuamkia. Niliyemzaa ndiye atakayesema shikamoo, mimi nitaitikia marahaba. Asiposema, tutakaa hivyo hivyo."

Wakakaa hivyo hivyo. Simu ya Dobi ilikaa dirishani karibu na wanga, na kila ilipolia aliikimbilia mikono ikidondosha maji, akakuta mteja anauliza suruali yake. Niliwahi kumwambia, "Mpigie wewe. Kinywa hakivunjiki." Akanijibu, "Bibi, wewe una uongo mwingi, mimi nina neno moja. Niachie hilo moja langu."

Ndipo akaja Binti wa Maswali. Hilo jina nilimpa mimi, na lilimkaa. Alitoka chuo kikuu, msichana mpole, mwenye mkoba mkubwa kuliko mgongo wake, anayeamkia kila mtu hadi watoto. Kazi yake, alisema, ni kutazama jinsi watu wanavyoishi na vitu vya umeme majumbani mwao: wanaviweka wapi, nani anavigusa, vinaleta ugomvi gani. Nikamwambia kwa ugomvi amefika, akae. Kila nilichosema aliandika. Nikamwambia nimewahi kuolewa na fisi tukaachana kwa sababu ya mifupa. Akaandika na hilo.

Akatoa taa ya mviringo, nyeupe, laini kama kitunguu kilichomenywa.

"Hizi ziko mbili mbili, mama," alimwambia Dobi. "Tunawapa ndugu walio mbali, hasa waliopotezana kwa maneno. Ukigusa hapa juu, ya mwenzako inawaka kule aliko. Akigusa yake, hii yako inawaka. Mwenzangu wa chuoni alikwenda kazini kwa mwanao akamwuliza. Amekubali. Yake anayo tayari."

Dobi alikuwa na povu hadi kwenye viwiko. Hakuinua uso. "Kuna maneno humo?"

"Hakuna, mama. Mwanga tu."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi iweke. Maneno ndiyo yaliyotuponza."

Binti akaichomeka ukutani, akaigusa kwa kidole chake kuonyesha. Akasema ikisikia kidole inanguruma kidogo, kama paka. Sisi hatukusikia paka wala panya, kijana wa chumba cha kona alikuwa amefungulia redio mpaka mabati yanatetemeka. Binti akasema, "Jaribu na wewe, mama." Dobi akasema, "Nina povu. Nitajua tu, si kugusa?" Ni kugusa. Nani asiyejua kugusa?

Jioni ile ile ikawaka. Rangi ya kiini cha yai, ukuta mzima ukageuka. Dobi alikuwa ameshika shati la mtu, likamponyoka. Akafuta mikono kwenye gauni, mbele na nyuma, akaenda akaweka kidole juu ya taa kama anavyoonja joto la pasi.

"Marahaba, Baba," akasema.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nina maneno ya kila kitu, lakini pale nilijifanya natafuta kiatu.

Tangu hapo yule mwanamke alibadilika. Aliihamisha meza ya pasi iitazame taa. Alianza kuimba, na anaimba vibaya, hata jogoo wangu alinung'unika. Akachanganya nguo za wateja: mwalimu akaenda kazini na suruali ya mwuza nyama, mwuza nyama akashinda na tai shingoni siku nzima akidhani ni zawadi. Na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ile taa. Hata vumbi alilipuliza kwa mdomo. Siku moja nilinyoosha kidole kwa utundu tu, akanipiga kofi la mkono.

"Salamu ya mwanangu, Bibi! Ukigusa wewe ataitikiwa na nani?"

Binti wa Maswali alikuja mara kwa mara. Anakaa kwenye kigoda, magoti pamoja, anauliza.

"Ikiwaka unajisikiaje, mama?"

"Kama aliyeamkiwa."

"Na wewe..." Binti alisita, akazungusha kalamu. "Wewe unamjibu?"

Dobi akamkazia macho. "Hayo ya ndani ni yangu na mwanangu. Wewe andika yako."

Binti akageuza ukurasa. Nilipomsindikiza hadi barabarani nikaona ana jambo halisemi. Nikamwuliza. Akasema, "Bibi, sisi hatuingilii. Tukiingilia tunaharibu kile tunachotaka kukijua." Nikadhani anaongea mambo ya chuoni, nikamwuliza kama huko wanafundisha pia kuolewa. Akacheka, akaenda.

Kisha ikafika jioni moja taa ikaanza vituko. Ikawaka, ikazimika. Ikawaka, ikazimika. Ikawaka tena. Dobi alicheka hadi akakaa chini. "Bibi, njoo umwone! Amekuwa mtoto, anacheza na mimi!" Na kila ilipowaka alisimama akaweka kidole, "Marahaba. Marahaba. Marahaba, we mtundu." Ilikwenda hivyo mpaka chakula kikapoa. Mwishowe ikawaka mara moja, kwa muda mrefu sana, kama mtu aliyeegemea mlango. Kisha ikazimika.

Baada ya hapo ikawa inaruka siku. Kisha inaruka wiki. Kisha ikanyamaza.

"Kazi nyingi," alisema Dobi. "Majengo ya siku hizi ni marefu."

"Marefu," nikasema.

"Akiwa huko juu atagusa vipi?"

"Hawezi. Ataanguka."

Aliacha kuimba. Suruali zikarudi kwa wenyewe. Na siku moja, naapa kwa meno yangu niliyobaki nayo, nilimwona anafanya kitu ambacho nilidhani nitakufa kabla sijakiona. Taa haikuwaka. Hakuna aliyemwamkia. Dobi akakausha mikono, akaenda pale, akaweka kidole yeye kwanza. Lile neno lake moja alilolivumilia kama jino bovu, akaling'oa mwenyewe, akalitoa. Akasimama pale na kidole chake juu ya kile kitunguu, anangoja. Jirani mmoja alikuja kuchukua mashuka, akamngoja, akaondoka. Yeye bado yuko pale.

"Labda amelala," akasema.

Jua halijazama.

Binti wa Maswali akarudi na mkoba wake. Safari hii hakukaa. Alitoa taa ya pili, sawa na ile ya ukutani, akaiweka juu ya meza ya pasi, akaichomeka na hiyo.

"Mama, mwanao ameirudisha."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Alimwambia mwenzangu hivi: mwambieni mama jibu nimelipata."

"Jibu gani?"

"Kwamba hukutaka kumwitikia." "Tangu nilipoigusa mimi kukuonyesha, taa yake haikuwaka tena, mama. Hata siku moja."

Dobi akacheka. Kicheko kile kilikuwa cha mtu aliyesikia uongo wangu. "Wewe binti. Kila ikiwaka naitikia. Mwulize Bibi."

"Anaitikia," nikasema. "Mpaka chakula kinapoa."

Binti akatutazama mmoja mmoja. "Weka kidole, mama. Nione."

Dobi akafuta mkono, akaweka kidole juu ya taa ya ukutani. Ile taa ya mezani imekaa tu kama jiwe. Akaweka kingine. Akaweka kiganja. Akaweka mikono yote miwili, akaikumbatia taa kama anavyoshika kichwa cha mtoto mwenye homa. Kimya.

"Weka wewe," akamwambia binti, sauti imeshuka.

Binti akagusa kwa ncha ya kidole kidogo. Ya mezani ikawaka papo hapo, na ile ya ukutani ikanguruma kama paka. Ua ulikuwa kimya siku ile, tulimsikia wote yule paka.

Nikaweka cha kwangu. Mimi, kibibi kikavu kama gome. Ikawaka. Hata mimi ilinijua.

Binti akauchukua mkono wa Dobi, akaugeuza, akapapasa vidole vyake. Alikuwa amekaa na mwanamke huyu miezi yote ile akimwandika, na sidhani kama aliwahi kuutazama. "Inasikia ngozi," akasema. "Ngozi ikiwa ngumu namna hii, imekauka namna hii, haitambui kwamba ni mtu."

"Inatambua ni nini?"

Binti akauachia mkono.

"Mlijua sijibu?" Dobi akauliza.

"Tulijua haijaguswa. Tulidhani umeamua kunyamaza. Nilikuuliza, mama, ukasema ni yako na mwanao. Nisingeweza kukulazimisha."

Nikashindwa kuvumilia. "Mwanangu, mtu akitumbukia kisimani, wewe unakaa ukingoni kuandika anavyoogelea?"

Akaanza kulia. Sikumhurumia, kisha nikamhurumia. Alikuwa na umri wa mjukuu wangu.

"Mpigie," Dobi akamwambia. "Mpigie mwanangu, umweleze wewe, kwa maneno. Sasa nataka maneno."

Binti akapiga. Ile sauti ya mwanamke wa ndani ya simu ikasema namba hiyo haitumiki. Akampigia mwenzake wa mji ule. Mwenzake akasema lifti zilikwisha, Kola ameondoka na kundi jingine la mafundi, mbali, wenzake waliobaki hawajui wapi. Chumba chake keshaingia mtu. Alipoombwa awaachie anwani alisema hana mtu wa kumpa.

Dobi alisikiliza yote amesimama. Kisha akainama juu ya taa ya ukutani, polepole, kama anayetaka kumnong'oneza mtu, akaweka shavu. Shavu lake mvuke haukuwahi kulimaliza. Taa ikanguruma. Na pale mezani, kati ya pasi na shati la mwalimu, taa ya Kola ikawaka rangi ya kiini cha yai, ikamwangaza binti, ikaniangaza na mimi, ikaangaza kila mtu asiyehusika.

"Andika," Dobi akasema, shavu bado liko pale. "Andika niliitikia."

Binti alikuwa na kalamu. Hakuandika. Labda hawana pa kuandika mambo kama hayo.

Dobi akaomba aachiwe moja. Binti akasema ni mali ya chuo, zote zinahesabiwa, akaomba msamaha kwa kila namna anayoijua. Akazitia mkobani zote mbili. Ukutani pakabaki duara safi katikati ya masizi ya mkaa.

Wiki ile Dobi aliumwaga mkaa wote uani. Akaisugua ile mashine ndani na nje, kona kwa kona, akaitoa weusi hata ikawa nyeupe kuliko ilipokuja. Kuku alikuja akatazama, akaondoka. Mashine haizunguki tena, mkaa uliingia kwenye moyo wake. Imesimama pale karibu na bomba, mfuniko umefungwa, na hakuna anayeweka kitu juu yake.

Simu yake inalia bado. Anaikimbilia bado. Ni suruali.

Juzi alikuja akakaa kwenye kizingiti changu, mikono kwenye mapaja, imelala kama vitu vya mtu mwingine. Mashuka yalikuwa yanapepea, miguu ya watu inapita chini yake.

"Bibi," akasema. "Wewe mwongo mkubwa."

"Sana."

"Uliwadanganya watu kuhusu jogoo."

"Wakaleta saa."

"Nidanganye na mimi. Niambie amesikia. Niambie yuko njiani, amefika wapi, amevaa shati gani. Usinihurumie, danganya vizuri."

Nikafungua mdomo. Mdomo huu uliowahi kuolewa na fisi, uliowahi kukunja moto. Nikatafuta shati, nikatafuta njia, nikatafuta hata vumbi la viatu vyake. Hakikuja kitu.

Kisha akainuka, akaurudia ule upande wake wa ua, na nikaona miguu yake chini ya mashuka ikisimama penye beseni.